Kumchagua Asiye na Chama

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja wa pwani akaaye Masimba kwa biashara. Masimba, kwa wasioijua, ni mji wa soko katika jimbo la uchaguzi la Nyaribari Masaba, kaunti ya Kisii, nchi ya vilima, migomba na chai. Na wadi yake yaitwa kwa jina hilo hilo. Waislamu wa huko ni wachache. Mwulizaji asema amekwisha kujiandikisha kupiga kura huko, maana ndiko anakokaa na ndiko wasomako watoto wake. Na katika majirani zake yuko mtu amjuaye kwa uaminifu wa miaka mingi, ambaye si wa dini yetu, atakaye kusimama uwakilishi wa wadi katika uchaguzi wa 2027 pasipo chama cho chote. Ndugu huyu ataka kumpa kura. Wenzake wamkataza, na hoja zao ni tatu. Ya kwanza, kura ya mgombea huru ni kura iliyotupwa. Ya pili, mtu mmoja hana awezalo barazani. Ya tatu, ambayo naona ndiyo iliyomlemea, ni kwamba wageni na wachache haiwafai kujitenga: jisitirini chini ya chama chenye nguvu, mpate wa kuwatetea siku ya shida. Atuuliza: sheria ya nchi yaniruhusu, je, na mbele ya Mungu nitakuwa nimefanya sawa?

Swali hili ni zuri, wala si la Masimba tu. Mombasa lipo, na Malindi, na Lamu, ila kwetu huulizwa kwa sauti ndogo mlangoni mwa msikiti baada ya sala, na kila mtu hujibiwa na jamaa zake kabla hajawafikia wenye ilimu.

Kwanza yapasa tujue kura ni nini, maana wengi huipiga kama watu wapigao makofi: mwenzio akipiga nawe wapiga. Maulamaa waliolitazama jambo hili katika karne iliyopita, na miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, wameieleza kura kwa mambo matatu. Ni shahada, kwa kuwa mpiga kura ashuhudia ya kwamba fulani aifaa kazi hii kwa uwezo na uaminifu. Ni shufaa, kwa kuwa amwombea fulani apewe cheo. Na ni uwakala, kwa kuwa amweka fulani aseme na kutenda kwa niaba yake, wala si kwa niaba yake peke yake, bali ya watu wote wa mahali pale, hata watoto wasiopiga kura. Kila moja katika matatu haya lamhusu mtu. Hashuhudiwi jogoo, wala chungwa, wala toroli.

Hebu tuseme mtu ameitwa mbele ya kadhi, akaulizwa: Wamjua huyu kuwa ni mwaminifu wa mali za mayatima? Naye ajibu: Yeye mwenyewe simjui, bwana kadhi, lakini kofia aliyovaa ndiyo tuvaayo sote mtaani kwetu. Kadhi atamtoa nje. Na mtu yule yule, siku ya uchaguzi, hutia alama karatasi zake zote kwa ushahidi wa kofia, kisha akarudi nyumbani ametua moyo.

Na karatasi hizo si moja. Mpiga kura wa Kenya hupewa sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi. Vyama vikubwa huwahimiza watu wazitie zote alama moja, toka juu hata chini. Mimi siwalaumu viongozi wa vyama kwa kusema hivyo. Mfanyabiashara hasifu duka la jirani. Namlaumu mnunuzi asiyefungua kifurushi. Karatasi ya rais yauliza nchi nzima iende upande gani, na hapo chama kina maana kubwa, kwa sababu rais hatawali peke yake. Lakini mwakilishi wa wadi kazi yake ni nini? Ni kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti katika mambo iliyopewa na Katiba ya 2010: zahanati, shule za chekechea, barabara ndogo, masoko, kilimo. Sijapata kusikia chama chenye itikadi yake makhsusi juu ya mtaro wa maji machafu wa soko la Masimba. Hapo wahitajiwa mtu, naye mtu ajulikana na majirani zake: kama hulipa madeni, kama hutunza mali ya chama cha akiba alipokuwa mweka hazina, kama husema neno moja mbele ya mkubwa na mbele ya maskini.

Ndugu zangu, si kwamba mlango huu wa kusimama bila chama ulikuwa wazi sikuzote. Ulifungwa, na yafaa tujue ni nani aliyeufunga na kwa nini, kwani wengi hudhani ya kwamba chama ni sharti ya uchaguzi kama udhu ulivyo sharti ya sala. Katika uchaguzi wa 1961 na wa 1963 walisimama Kenya wagombea wasio na chama. Mwaka 1966 Bwana Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU wakaanzisha KPU, ilitungwa upesi sheria ya kwamba mbunge aliyekihama chama kilichomleta apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka 1968 sheria ikaongezwa, na wagombea huru wakazuiliwa kabisa. Mwaka 1982 ikawa chama ni kimoja kwa amri ya sheria. Na mwaka 1988 katika mchujo wa KANU watu walipangwa mistari nyuma ya wagombea au picha zao, ndio mlolongo. Na aliyehesabiwa asilimia 70 ya waliopanga mstari alihesabiwa amekwisha kushinda, pasiwe na kura ya siri tena. Tazameni mwendo huo. Ulianza kwa kumzuia mtu asihame, ukaishia kwa kumzuia mpiga kura hata asifiche chaguo lake. Wala hapakutolewa hoja ya kwamba wagombea huru waliiba au walidhulumu. Hofu ilikuwa ni kwamba hawashikiki.

Watu wa Kisii na Nyamira wanao mfano wao wenyewe, na ni ajabu kwamba wenzake mwulizaji hawakuukumbuka. Bwana George Anyona aliingia Bungeni mwaka 1974 kutoka Kitutu ya Mashariki, chini ya KANU, akawa mkali wa maswali hata akawekwa kizuizini mwaka 1977. Mwaka 1982, yeye na Bwana Odinga walipotaka kuanzisha chama kingine, aliwekwa kizuizini tena, na Bunge likakimbilia kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Vyama viliporudi, alichaguliwa Kitutu Masaba mwaka 1992 na tena 1997 kwa chama kiitwacho Kenya Social Congress, na katika Bunge zima chama hicho kilikuwa na mjumbe mmoja tu, naye ni yeye. Sheria ya siku zile ilimlazimu kuvaa jina la chama. Lakini jirani zake hawakulichagua jina hilo, walimchagua Anyona. Alifariki mwaka 2003. Mtu aweza kuzikataa rai zake zote, asiweze kusema ya kwamba kura za Kitutu Masaba zilipotea.

Ilikuwa Katiba ya 2010 iliyoufungua mlango. Yasema ya kwamba mtu aweza kusimama akiwa huru maadamu si mwanachama wa chama kilichoandikishwa, na hakuwa mwanachama kwa muda wa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 kwa kiti cha wadi, 1,000 kwa kiti cha ubunge, na 2,000 kwa kiti cha useneta. Tena yasema ya kwamba mbunge aliyechaguliwa akiwa huru, akijiunga na chama apoteza kiti chake, kama apotezavyo mwenzake aliyechaguliwa na chama akikitoka. Uchaguzi wa kwanza chini ya kanuni hizi ulikuwa wa Machi 2013.

Ndugu zetu wa Tanzania, ambao humwita mgombea wa namna hii mgombea binafsi, hawajaupata mlango huo, wala si kwa kutoubisha. Mwaka 1960 kabla ya uhuru, TANU ilipata viti 70 katika 71. Na kile kimoja, cha Mbulu, alikipata Bwana Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa TANU, lakini alisimama peke yake dhidi ya yule aliyeteuliwa na chama. Watu wa Mbulu hawakuichukia TANU. Walisema tu ya kwamba shahada yao haitatolewa kwa niaba yao na watu wa mbali. Baadaye nchi ikawa ya chama kimoja, na hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 sheria ilitaka kila mgombea awe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila akaishitaki serikali mwaka 1993. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa haki. Na mwaka ule ule Bunge likaibadili Katiba kulizuia lile lililoruhusiwa. Akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki mara ya pili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, ikisema jambo hili ni la siasa, na wa kulimaliza ni Bunge. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwezi Juni 2013 mahakama hiyo ikahukumu ya kwamba kumlazimisha mtu kuwa na chama ili agombee ni kuvunja haki yake. Bwana Mtikila alifariki Oktoba 2015 katika ajali ya gari. Uchaguzi wa Oktoba 2025 Watanzania waliufanya pasipo mgombea binafsi hata mmoja. Nayo haki hiyo hata Mwalimu Nyerere, aliyekuwa baba wa chama kimoja, aliitetea katika miaka ya mwisho ya uhai wake. Mchungaji yule hakuwa rafiki wa Waislamu katika mengi aliyoyasema. Lakini haki haiulizwi dini ya aliyeidai.

Basi je, kila asiye na chama ni mtu safi? La, hasha! Hapa ndipo penye mtego, na vijana wetu wengi huuingia wakidhani wamekwisha kuokoka.

Wagombea huru wengi wa Kenya si watu waliokaa wakafikiri wakaona vyama havifai. Ni watu waliotafuta tiketi ya chama, wakashindwa katika mchujo, au wakaamini wamedhulumiwa, wakatoka kwa hasira. Katika kudhulumiwa wengine walikuwa wa kweli, maana michujo ya Kenya yajulikana ilivyo. Kwetu Mombasa mwaka 2017, Bwana Mohamed Ali, aliyekuwa mwandishi wa habari, alitofautiana na ODM juu ya mchujo wa Nyali, akasimama huru, akashinda kiti. Mwaka 2022 alishinda tena, safari hii chini ya UDA. Sisemi amefanya kosa. Sheria yaruhusu, na watu wa Nyali walimpima mara mbili kwa macho yao. Nasema tu ya kwamba uhuru wa mgombea mara nyingi ni kituo cha njiani, si nyumba. Ampaye kura mgombea huru kwa kudhani kwamba huyu hatakuwa na chama maisha yake yote, ajidanganya.

Kwa hiyo mgombea huru aulizwe swali ambalo wa chama haulizwi: Kama ungaliipata tiketi ile uliyoitafuta, je, haya unayoyasema leo juu ya chama kile ungaliyasema? Akibabaika, jua ya kwamba umeletewa ugomvi wa watu wawili, ukaambiwa ni ukombozi wa wadi. Na kama hakuitafuta tiketi po pote, kama huyo jirani wa mwulizaji wetu, aulizwe la pili: Ni nani alipaye gharama za safari zako? Maana hazina ya serikali inayogawiwa vyama haimfikii mgombea huru, na magari hayaendi kwa maji. Mwenye mfuko uliofichika anacho chama, ila chama chake kina mwanachama mmoja, naye ndiye tajiri.

Na wako wadhanio ya kwamba vyama vikifutwa vyote, watu watakuwa huru. Uganda ilijaribu. Kwa muda wa karibu miaka 20 baada ya 1986, vyama havikuruhusiwa kusimamisha wagombea, na kila mtu alisimama kwa sifa zake mwenyewe, ndivyo ilivyosemwa. Lakini harakati iliyokuwa imeshika serikali ilikuwa na ofisi kila wilaya, na kufanya kazi ya chama pasipo kuitwa chama. Vyama viliruhusiwa tena baada ya kura ya maoni ya mwaka 2005. Na tangu hapo Bunge la Uganda limekuwa na wabunge huru zaidi ya 60 mwaka 2016, na zaidi ya 70 mwaka 2021, ambao wengi wao ni watu wa chama tawala walioshindwa katika mchujo wakakubaliana nacho baada ya kushinda. Jina la uhuru ni rahisi kulipata kuliko uhuru wenyewe.

Sasa nirudi kwenye hoja za wenzake mwulizaji.

Ya kura kutupwa ni dhaifu. Neno lenyewe lina kosa ndani yake. Kura haipotei kwa kuwa aliyepewa hakushinda. Ingekuwa hivyo, basi katika kila uchaguzi watu kwa maelfu wamepoteza kura zao, na kila shahidi ambaye kadhi hakuhukumu kwa upande wake alikuwa mwongo. Kura si karata, wala siku ya uchaguzi si siku ya kubashiri farasi atakayetangulia. Tena hata kwa hesabu ya kushinda hoja yenyewe haina miguu. Kaunti hiyo hiyo ya Kisii, katika jimbo la Bomachoge Borabu, ilimpeleka Bungeni Profesa Zadoc Ogutu mwaka 2017 akiwa huru. Laikipia mwaka huo huo ilimchagua gavana huru, Bwana Ndiritu Muriithi. Na katika wadi, penye wagombea wengi, mshindi ni aliyezidi wenzake, hata kwa kura moja.

Lakini nitamke jambo moja kwa insafu. Ikiwa katika wadi wako wawili wenye kukaribiana, mmoja mwizi wa wazi na mwingine mtu wa kadiri, na yule mwema asiye na chama yu mbali nao sana, mtu aweza kuchukua dhara iliyo nyepesi kuondoa iliyo nzito, akampa yule wa kadiri. Na katika fikihi hii ni kanuni ijulikanayo. Hapo hajasaliti shahada yake. Sharti ni kwamba ajue kwa yakini, asiwe amelishwa uvumi huo na wapiga debe wa yule yule wa kadiri. Kwa tajiriba yangu, neno la "huyu hawezi kushinda" huanza kwa mpinzani wake.

Hoja ya pili, ya kwamba mtu mmoja hana awezalo, ina uzito zaidi, na si haki kuipuuza. Bunge la Taifa lina wajumbe 349 pamoja na Spika. Hoja hupita kwa wingi, na nafasi katika kamati hugawanywa kwa kufuata vyama. Mgombea huru huingia humo kama mgeni aliyekuja karamuni pasipo mwenyeji. Mfano mzito zaidi ni wa Meru. Bibi Kawira Mwangaza alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti hiyo mwaka 2017 akiwa huru, na mwaka 2022 akachaguliwa gavana, huru vile vile. Wajumbe wa bunge la kaunti walipiga kura ya kumwondoa mara tatu, mwaka 2022, 2023 na 2024. Seneti ilimnusuru mara mbili, na mara ya tatu ikaafiki aondolewe; Mahakama Kuu ikaithibitisha kazi hiyo mwezi Machi 2025, na naibu wake akaapishwa mahali pake. Mashtaka juu yake yalikuwa mazito, na kuyahukumu si kazi ya ukurasa huu. Ninalolitaka ni hili: mtawala asiye na hata wajumbe wachache wa upande wake barazani, kila ugomvi kwake ni vita. Aliyempa kura alimpa cheo, hakumpa wa kukaa naye.

Ndiyo maana natofautisha viti. Kwa kiti cha ugavana mpiga kura na afikiri mara mbili, amwulize mgombea huru: utafanya kazi na nani? Kwa kiti cha wadi jambo ni jepesi, kwa kuwa mjumbe mmoja wa wadi hahitaji kutawala. Ahitaji kuuliza, kufungua daftari za kaunti, na kukataa kutia mkono penye batili. Kazi hizo hata mtu mmoja azimudu, na pengine azimudu vizuri kuliko aliye na mkubwa wa chama wa kumpigia simu usiku.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisikitisha, kwa kuwa imevaa nguo ya huruma. Wachache wajifiche chini ya chama chenye nguvu! Sisi wa pwani tumeyaonja haya. Mwaka 1992 walitokea Waislamu wa Mombasa wakaanzisha chama kiitwacho Islamic Party of Kenya. Serikali ilikataa kukiandikisha kwa hoja ya kuwa ni chama cha dini. Kwa kuwa sheria haikumruhusu mtu kusimama pasipo chama, wafuasi wake walikwenda kuazima mwavuli wa FORD-Kenya katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Na mwavuli wa kuazima hufungwa na mwenyewe apendapo. Laiti mlango wa mgombea huru ungekuwa wazi siku hizo, watu wale wangaliweza kusimama kwa majina yao, wakapimwa kwa tabia zao, pasiwe na ubishi wa jina la dini juu ya karatasi ya kura.

Na chama kikubwa, chamlinda nani hasa? Chawalinda walio wengi ndani yake. Mchache asiye na la kupeleka ila idadi ndogo ya kura, ahadi yake huwekwa mwisho wa orodha. Lakini jirani mwaminifu aliyetiwa sahihi na watu 500, hamsini kati yao wakiwa wale wachache, azijua sahihi hizo kwa majina na kwa nyuso. Hamsini katika chama cha nchi nzima si kitu. Hamsini katika 500 ni sehemu ya kumi.

Wazee wa Unguja na Pemba waweza kutueleza zaidi juu ya hifadhi ya vyama. Miaka ile kabla ya 1964 wao huiita zama za siasa. Watu wa dini moja, lugha moja, wengine wa mama mmoja, waliacha kununua katika duka la mwenzao wa chama cha pili, wakaacha kuswali nyuma ya imamu wa chama cha pili, na wako walioacha kuzikana. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Wala haikuwa kwamba kila mtu katika watu hao alikuwa mbaya. Chama kilikuwa kimekwisha kuhama mahali pake, kutoka kuwa chombo cha kazi kikawa ukoo. Na ukoo hauulizwi ukweli. Huulizwa ni wetu au si wetu. Qurani yatuamrisha katika Sura ya Wanawake tuwe mashahidi waadilifu hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sijui ni kwa tafsiri gani chama kitapewa heshima ambayo wazazi hawakupewa.

Basi jawabu kwa ndugu wa Masimba ni kwamba yafaa ampe kura jirani yake, ikiwa amjua kama asemavyo, na ikiwa ameyajibu maswali yale mawili. Wala kutokuwa Mwislamu kwa jirani huyo hakuondoi haki yake, kwa kuwa anachoshuhudiwa ni uaminifu katika mali ya umma na uwezo wa kazi, si imamu wa sala.

Lakini yuko katika deni jipya, na hili wengi hulisahau. Aliyekipa kura chama aweza kusema kwamba kumwonya mjumbe ni kazi ya chama. Aliyempa kura mtu huru hana pa kuelekeza lawama. Wale waliotia sahihi zao ndio chama chake. Wakitawanyika siku ya pili ya uchaguzi, wamemwacha mtu wao peke yake katikati ya watu wenye makundi, kisha watamlaumu akinunuliwa. Nawashauri, kabla hawajatia sahihi, wakubaliane naye kwa maandishi ya kwamba kila miezi mitatu atakaa nao hadharani, penye soko, na daftari ya fedha za wadi mkononi, hata ikiwa hana habari njema. Asiyekubali hilo kabla ya kuchaguliwa hatalikubali baada yake.

Na mwenye kutaka kusimama huru, na hata mwenye kutaka tu kujua hali yake, aende akaangalie kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kama jina lake halimo katika daftari ya chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua ya kwamba wamekwisha kuandikwa wanachama wa vyama wasivyovijua hata ofisi zake. Aliyeandikwa bila idhini yake na aandike kujitoa mapema, kwani miezi mitatu ya Katiba haimngoji aliyelala.

Limebaki jambo moja, nalo si la Masimba bali la misikiti yetu ya hapa pwani. Tumewaona wagombea wa vyama wakija Ijumaa na bahasha, na sasa wameanza kuja na wale walio huru, wenye bahasha nyembamba kidogo. Wote wawili waje kwa sala, wakae safu yo yote watakayoipata, wasipewe kipaza sauti. Akija mmoja wao na mazulia, aambiwe kwa adabu ya kwamba msikiti utayapokea wiki ya pili baada ya matokeo kutangazwa.